Kijana wa Mazingara na Maonyesho Yake ya Kwanza

Mwezi huu tumeletewa swali na kijana mmoja wa Mazingara, katika nchi ya Handeni. Yeye si mpiga picha wa kazi. Kazi yake ni shamba la mahindi pamoja na baba yake. Lakini kwa miaka kadhaa amekuwa akipiga picha kwa kamera aliyoinunua kwa mtu ikiwa imekwisha tumika, na sasa anazo nyingi: wazee wa Kizigua barazani, watoto wakitoka chuoni, mafundi wakifyatua matofali, wanawake wakichota maji kisimani, na bibi yake mzaa mama, ambaye amekwisha fariki. Ametaka achague picha 30 azitundike katika ukumbi wa shule, watu waje wazitazame. Baba yake amekataa. Asema picha za viumbe wenye roho hazitundikwi, na tena sura ya mama mkwe wake, aliye kaburini, si kitu cha kutazamwa na kila mpita njia. Kijana atuuliza: je, aache?

Si desturi ya ukurasa huu kumfundisha mtoto namna ya kumpinga mzazi wake. Kwa hiyo haya tuyasemayo twayasema kwa wote wawili, na twatumaini watayasoma pamoja.

Kwanza, kijana asidhani kuwa baba yake amesema neno la ujinga. Hadithi za Mtume wetu, Rehema na Amani zimshukie, zilizomo katika Bukhari na Muslim, zimewaonya vikali wenye kufanya sanamu na taswira, na zimesema kuwa malaika hawaingii katika nyumba yenye taswira. Imepokewa pia kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alitundika pazia lenye taswira, na Mtume akachukizwa nalo, kisha likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Basi mtu akisema kwamba kutundika ndiko kunakomtia hofu kuliko picha yenyewe, anao msingi wa kusema hivyo.

Lakini kamera ilipokuja, wanavyuoni walikhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 mpaka 1920, aliandika risala kuhalalisha picha za kamera. Hoja yake ni kwamba mpiga picha haumbi kitu wala haigi uumbaji. Anakizuia kivuli tu cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, kama kioo kinavyoonyesha sura, ila hapa sura haiondoki. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki 1999, aliona kinyume cha hayo: picha za wenye roho ni haramu isipokuwa palipo na dharura, kama vile vitambulisho. Wote wawili ni wanavyuoni wakubwa. Sisi twaegemea rai ya Sheikh Bakhit, wala hatumlaumu afuataye ya pili. Na baba huyu, akijaaliwa kwenda Hija, hatapanda ndege bila ya picha yake ndani ya paspoti. Hilo hata wenye rai kali wamelipa njia.

Na tukiitaja Hija, yafaa vijana wetu wamjue Muhammad Sadiq wa Misri. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi na mhandisi aliyesoma Paris. Hakuwa na duka la picha. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi na kuchora ramani. Mwaka 1861 alitumwa Hijazi, akachukua pamoja na vyombo vyake vya upimaji kamera yake mwenyewe, akapiga picha za mji wa Madina. Hizo ndizo picha za kwanza za mji huo. Mwaka 1880 alirudi na msafara wa mahujaji wa Misri, safari hii akiwa mtunza hazina wa msafara, akapiga picha za Makka, na Msikiti Mtakatifu akiutazama kutoka juu. Afikiri kijana wetu kazi ya siku zile: picha haikuingia katika simu wala katika filamu, bali katika kipande cha kioo kilichopakwa dawa, na dawa isipokauka ndipo picha isafishwe, gizani, katika joto la Hijazi. Picha zake zilionyeshwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, na mwaka 1881 zikapata nishani ya dhahabu huko Venice. Miongoni mwa watu aliowapiga picha ni mzee wa ukoo wa Shaibi, mwenye dhamana ya ufunguo wa Alkaaba. Yule mzee aliketi mbele ya kamera kwa heshima yake, akijua nini kinafanyika, na jina lake likaandikwa.

Jina hilo lililoandikwa si jambo dogo. Sikilizeni kisa cha pili. Mwaka 1885 alifika Makka Mholanzi mmoja, Christiaan Snouck Hurgronje, akakaa humo kwa miezi kadhaa kabla ya kuamriwa kutoka. Alijuana na daktari wa hapo Makka, Sayyid Abdul Ghaffar, akamfundisha kupiga picha, na alipoondoka kamera ikabaki kwa daktari. Daktari akaendelea: akapiga picha za Haram, za mahujaji wa kila taifa, za masharifu, akampelekea yule Mholanzi. Juu ya picha aliandika jina lake kwa hati nzuri ya Kiarabu. Mwaka 1889 kikatoka Leiden kitabu cha picha za Makka kwa jina la Snouck Hurgronje. Katika picha zilizochapwa humo ile saini ya daktari ilikuwa imefutwa, naye akatajwa kuwa daktari wa Makka tu. Ilipita karibu miaka mia moja kabla ya wataalamu kulirudisha jina lake mahali pake.

Twaleta kisa hiki kwa sababu mbili. Moja ni faida ya kijana mwenyewe: picha zake ni mali yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 yazitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe. Aandike jina lake nyuma ya kila picha, na asimpe mtu picha zake kwa ahadi ya mdomo. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba asije yeye akawafanyia watu wa Mazingara kile alichofanyiwa daktari wa Makka.

Maana nchi yetu imekwisha kufanyiwa hivyo. Katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani zimo picha nyingi za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa mpiga picha hapa wakati wa utawala wao, mpaka Vita vya Kwanza. Tangu 2008 nyingi zimewekwa kwenye intaneti, na kila mtu aweza kuzitazama. Ni picha nzuri, hatukatai. Lakini ukisoma maelezo yake utakuta: askari, mpagazi, mwanamke wa pwani, na kabila. Mjukuu wake aweza kuipita picha ya babu yake asijue kuwa ndiye. Basi kijana wa Mazingara akitundika picha na kuandika chini yake "Mwanamke wa Kizigua akichota maji," atakuwa amezidi nini? Yeye amjua mwanamke yule. Huenda ni shangazi yake.

Sasa tufikie penye uzito. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nnur, aya ya 27, tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Sisi twaona kamera ni mlango. Mwanamke aliyekubali kupigwa picha kisimani na kijana wa jirani, akacheka na kuendelea na ndoo yake, amekubali jambo moja. Kutundikwa ukutani, akatazamwa na watu mia, na kila mmoja ana simu mfukoni ya kuipiga tena picha ile na kuipeleka Dar es Salaam na Muscat, ni jambo jingine, na idhini yake ni nyingine. Kina mama wa miji ya pwani wamelijua hili zamani. Ndiyo sababu katika arusi nyingi za huko hukatazwa kamera na simu katika upande wa wanawake, maana mle ndani wamejipamba wasivyojipamba barabarani. Na serikali nayo imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini mtu asingoje sheria imfundishe adabu ambayo bibi yake alimfundisha bure.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana ni hili. Asiache, ila maonyesho yasianzie ukumbini, yaanzie milangoni. Achukue picha zilizokwisha safishwa, aende nazo nyumba kwa nyumba, apige hodi, na amwonyeshe kila mtu sura yake. Aseme wazi zitatundikwa wapi, siku ngapi, na nani watakuja. Mwanamke mwenye mume au mwenye wazee, azungumze naye mbele yao, lakini amwulize yeye mwenyewe. Akikataa, picha ile apewe mwenyewe, na ile iliyomo katika kamera ifutwe mbele ya macho yake. Mtoto wa chuoni, aulizwe mzazi wake, na mwalimu ajulishwe. Akimaliza mzunguko huo, zile 30 huenda zikawa 15. Hiyo si hasara. Picha 15 kubwa ni bora kuliko 30 ndogo zilizobanana kama samaki wa kukaushwa.

Tena atapata jambo ambalo hakulitafuta. Mtu akishika picha yake mkononi huanza kuhadithia: kisima hiki kilichimbwa mwaka gani, mzee yule ni mtoto wa nani. Ayaandike hayo yote, kwa majina kamili. Ndiyo maelezo ya kuweka chini ya picha. Wenye habari za Wazigua wajua kwamba katika karne ya 19 baadhi yao walitolewa nchini kwa njaa na utumwa wakafikishwa Somalia, na kwamba baada ya vita vya huko vya 1991 vizazi vyao wengine walirudi, wakapewa makazi Chogo, hapo hapo wilayani Handeni. Wakati mababu zao wanaondoka, picha bado haikuwafikia. Ilitangazwa Paris mwaka 1839. Walichobeba ni lugha yao tu, wakarudi nayo. Tungelikuwa sisi ni kijana huyu, tungelikwenda Chogo, kwa idhini, tukaketi na wazee wale kabla ya kufungua kamera.

Kuhusu mahali, atambua mwenyewe kuwa Dar es Salaam kuna kumbi zilizotengenezwa kwa shughuli hii, kama vile Nafasi huko Mikocheni, iliyoanzishwa 2008, nasi hatumkatazi kuota kufika huko. Lakini wenye sura watapataje nauli? Aanze na shule yake, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kisha Handeni au Korogwe, na kila anapohamisha picha aombe idhini upya. Asitundike msikitini wala katika chumba kinachosaliwa. Hapo hatuna khitilafu. Atundike kimo cha macho ya mtu mzima, mbali na dirisha linaloingiza jua, maana jua la Handeni hula rangi upesi. Aweke saa za wanawake peke yao, na mlango ufungwe wakati wa sala. Na kama ana picha nzuri za mashamba, za mto, za mlima na za mawingu ya masika, aziweke mwanzo, karibu na mlango. Hizo hazina mgogoro kwa mwanachuoni yeyote, na baba yake aweza kuingia kwa hizo.

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam na kamera duni ya mkono wa pili. Alikuja kuwa yule ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi za mwaka 1984 ziliifanya dunia nzima itoe sadaka, na kitabu chake cha picha za Hija kilitoka 1978. Twamtaja ili baba ajue kwamba kazi hii si mchezo, na yaweza kufanywa na Muislamu ikafaa watu.

Imebaki picha ya bibi. Hapa twasimama upande wa baba, ila si kwa yote. Marehemu hawezi kuulizwa, na mjukuu peke yake si mwenye neno. Watoto wa bibi yule wangali hai, naye mama wa kijana ni mmoja wao. Katika barua nzima ametajwa bibi, akatajwa baba, na mama hakutajwa hata mara moja. Kijana aipeleke picha kwa mama yake kwanza, wakiwa wawili, na amwache aitazame kadiri apendavyo. Kisha mama na ndugu zake waamue. Wakisema itundikwe, itundikwe na jina lake, na jina la kijiji alichozaliwa. Wakisema hapana, isafishwe moja kwa kila mtoto wake, itiwe katika bahasha, wapelekewe.