Hiyo video ya mnyaa, hebu ngoja kwanza

Wewe unayetaka kupaka utomvu wa mnyaa kwenye chunjua juu umeona video, tulia kidogo. Ndiyo, ule mmea wa ua kule ushago, kariaria.

Mimi niliacha chuo, sijifanyi daktari. Lakini nilijaribu. Chunjua lilibaki, ngozi ikababuka, halafu nikajisahau nikasugua jicho. Usiku huo sikulala.

Eti ya asili haidhuru? Wapi! Mnyaa una binamu mdogo, Euphorbia peplus. Wanasayansi walitoa kemikali moja kwenye utomvu wake, wakaunda jeli ya Picato ya kutibu mabaka ya ngozi yanayoweza kugeuka saratani. Unapaka siku mbili tatu, basi. Marekani iliiidhinisha 2012. Kufikia 2020, Ulaya ilikuwa imeiondoa sokoni, kwa hofu kwamba huenda yenyewe inaleta saratani ya ngozi.

Na hiyo ilipimwa maabara. Yako umeipima na nini, kijiti?

Sidharau dawa za mababu. Nataka zichunguzwe hapa kwetu. Ila nyanya yangu mnyaa aliutumia kwa ua tu, na ukivunja tawi alikutuma ukanawe mikono kabla hujamsalimia.