Mwimbaji Katajwa, Mtunzi Je? Taarabu ya Redioni na Majina ya Malenga wa Mvita

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Hapa Mombasa, mcheza kwao kwanza hutangazwa. Kabla ya usiku wa taarabu ya moja kwa moja redioni, mtangazaji huchukua siku kadhaa kuwaarifu wasikilizaji nani atakuja studioni, ataandamana na kundi gani, na saa ngapi watu wazisogelee redio zao. Tangazo hilo hupita kama habari ndogo, katikati ya salamu na biashara. Makala haya yanadai kuwa kwetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili si habari ndogo hata kidogo, kwa sababu ndipo mahali ambapo jina la mtunzi wa shairi huokolewa au hupotea.

Hebu yasikilize matangazo hayo kwa makini, ndugu msomaji. Mwimbaji hutajwa kwa jina na kwa lakabu. Mpiga kinanda hutajwa. Mdhamini, awe muuza simu au muuza unga, hutajwa mara mbili au tatu. Aliyeyatunga maneno hatajwi. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili ninayeshughulika na mashairi yanayoimbwa, nimezoea kukaa mbele ya redio na daftari. Safu ya mtunzi ndiyo iliyo tupu kuliko zote. Niliwahi kumuuliza mtangazaji mmoja, wa stesheni ambayo haina haja ya kutajwa, sababu ya pengo hilo. Alinijibu kwa upole kuwa msikilizaji anataka sauti, hataki nasaba. Jibu hilo ndilo ninalokusudia kulijadili.

Tuanze na historia. Mombasa haikujifunza juzi kuisikiliza taarabu hewani. Enzi za ukoloni mji huu ulikuwa na stesheni yake, Sauti ya Mvita, na waimbaji wa mwambao walitumbuiza humo. Baada ya uhuru ikaja Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 inajulikana kama KBC. Kando ya redio palikuwa na biashara ya santuri na kaseti. Assanand na wanawe walitoa santuri zenye nembo ya Mzuri, na baadaye Mbwana Radio Service, pale Pigott Place katika Mji wa Kale, ikasambaza kaseti za taarabu. Kwa hiyo wimbo mmoja ulipita njia tatu: harusini, redioni na dukani. Katika harusi za Kibokoni watu waliweza kumjua mtunzi, kwani huenda alikuwa ameketi viti viwili mbele yao. Redioni na katika kaseti, ujuzi huo haukusafiri pamoja na wimbo. Msikilizaji wa Malindi, Tanga au Maskati aliipokea sauti pasi na jirani wa kumnong'oneza kuwa maneno yale ni ya fulani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014. Juma Bhalo alipendwa kwa sauti yake, na alivuma kwa kuimba Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Sasa tujiulize swali la darasani: ikiwa mahadhi yametoka Bombay, ni kipi katika wimbo kama huo kilicho cha Mvita? Jibu ni koo lililouimba na maneno yaliyoimbwa. Na mengi ya maneno hayo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971) inayopatikana katika maktaba zetu. Mwanafunzi wa chuo anamjua Ahmad Nassir wa kitabuni. Dereva wa tuktuk wa Mwembe Tayari anamjua Juma Bhalo wa kaseti. Wengi katika makundi haya mawili hawajui kuwa wamekuwa wakikutana na mshairi mmoja. Tangazo la sekunde kumi lingewakutanisha.

Mfano wa pili ni wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya maskani yake Mombasa hadi kufariki kwake 2016. Huyu alikuwa bingwa wa udi, na mnamo 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu yake iliyoitwa Mtindo wa Mombasa. Fanani wa namna hii, aliyetoka Lamu na kuimbia hadhira ya Mombasa, humletea msikilizaji mikondo miwili ya lugha, Kiamu na Kimvita. Iwapo mtangazaji hasemi shairi ni la nani na limetungwa kwa lahaja ipi, msikilizaji kijana hulisikia neno la Kiamu akadhani mwimbaji ametafuna neno. Kumbe ni yeye msikilizaji aliyepungukiwa.

Zingatia pia kuwa washairi wetu hawakulala. Walilijua tatizo hili kabla ya redio kuzaliwa, nao wakalitafutia dawa ndani ya shairi lenyewe. Ubeti wa tamati katika mashairi mengi ya Kiswahili hubeba jina la mtunzi, au lakabu yake, pengine na mtaa wake. Ubeti huo ndio tangazo la mshairi. Lakini ndio pia ulio rahisi kuachwa wimbo unapofupishwa ili utoshee dakika za redio: hauna mapenzi, hauna fumbo, haumchomi mtu. Hivyo mtunzi aliyejitaja mwenyewe hukatwa, na mtangazaji ambaye angeliziba pengo naye hunyamaza. Mtu hufutwa mara mbili katika usiku mmoja.

Msomaji atauliza: je, jina la mtunzi lina uzito gani, maadamu shairi limebaki? Jibu lipo katika mji huu huu. Muyaka bin Haji alifariki mnamo 1840, na mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa. Hatimaye Mwalimu Sikujua alishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaandika. Yakachapishwa kama diwani mwaka 1940 chini ya uhariri wa W. Hichens, na Mohamed Abdulaziz akayachambua upya katika kitabu chake cha 1979. Lau Mwalimu Sikujua hangejua beti zipi ni za Muyaka, leo tungekuwa na rundo la beti nzuri za "wahenga wa Mombasa", wala hatungekuwa na Muyaka. Hatungeweza kuzipanga beti zile sambamba na siasa za Wamazrui, wala kumwona mtu mmoja akicheka, akituhumu na akizeeka. Jina ndilo linalozigeuza beti kuwa maisha ya mtu na zama zake.

Wako watakaosema kuwa redio si chuo kikuu, na kwamba hadhira ya taarabu haitaki maelezo. Tuwatazame Wamisri, ambao tarabu yao ndiyo iliyotupa hata jina la sanaa yetu. Kwa miongo mingi Umm Kulthum aliimba moja kwa moja katika Redio Kairo, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi wa msimu wake, na barabara zikawa tupu. Hadhira hiyo haikuwa ya maprofesa. Hata hivyo Mmisri wa kawaida angekuambia kuwa maneno ya "Inta Umri" (1964) ni ya Ahmad Shafiq Kamil na mahadhi ni ya Muhammad Abdul Wahab. Kwamba "Al-Atlal" (1966) ni shairi la Ibrahim Naji, aliyekuwa ameshafariki, likatiwa mahadhi na Riyad al-Sunbati. Majina matatu kwa kila wimbo: mtunzi, mwenye mahadhi, mwimbaji. Utukufu wa Umm Kulthum haukupungua kwa kugawanywa. Mwimbaji mkubwa hadhuriki kwa kutajiwa mshairi wake.

Hoja pinzani iliyo nzito zaidi inatoka ndani ya taarabu yenyewe. Sanaa hii ni ya mafumbo. Mtu huagiza wimbo kwa sababu ana ujumbe kwa mke mwenza, kwa jirani, kwa mchumba aliyevunja ahadi. Na huenda mtunzi hataki ijulikane kuwa kalamu ni yake, kwa kuwa kesho atakutana na mlengwa msikitini au sokoni. Hoja hii naiheshimu. Lakini mtunzi anayejificha kwa hiari ni tofauti na mtunzi anayefichwa na uzembe wetu. Wa kwanza aulizwe, na akipenda atajwe kwa lakabu tu, kama desturi ya ushairi wetu inavyoruhusu. Wa pili hana aliyemuuliza.

Isitoshe, suala hili si la heshima peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kifungu cha 32 kinampa haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Wimbo unapochezwa hewani, mirabaha humstahiki pia mwenye maneno. Lakini mirabaha hufuata majina. Ambaye jina lake halikuandikwa wala kutamkwa, wanawe watadai kwa ushahidi gani? Shaaban Robert, mshairi, alimwandikia mwimbaji Siti binti Saad wasifu mzima. Hisani hiyo bado haijalipwa ipasavyo.

Basi tufanye nini? Lawama kwa watangazaji hazitoshi, kwa maana mtangazaji husoma alichoandikiwa. Napendekeza chama chetu kijitolee kuandika. Kila msanii anapoalikwa, wanafunzi wawili wamwendee mapema, wamsalimu kwa adabu, na wamuulize mambo manne: maneno ni ya nani, mahadhi ni ya nani au yametoka wapi, shairi ni la bahari na lahaja gani, na lilitungwa kwa tukio lipi iwapo linaweza kusemwa. Kutokana na majibu hayo mtangazaji apewe maneno machache ya aina hii: "Kesho kutwa usiku atatuimbia fulani. Wimbo wake wa kwanza ni shairi la mizani kumi na sita, lililotungwa na fulani wa Kibokoni kwa Kimvita. Mahadhi ni ya filamu ya Kihindi." Yasome kwa sauti, msomaji, na uyapime kwa saa. Hayafiki nusu dakika, na mdhamini hapotezi kitu. Matini kamili ya nyimbo, pamoja na ubeti wa tamati, yahifadhiwe katika maktaba ya idara na nakala ipelekwe Ngome ya Yesu, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Walimu wetu nao waikubali kazi hiyo kuwa sehemu ya utafiti wa nyanjani, ipewe alama kama kazi nyingine.

Kazi hii haingoji. Bi Kidude alitutoka 2013, Juma Bhalo 2014, Zein 2016, na Sheikh Ahmed Nabhany, hazina ya lugha ya mwambao, 2017. Kila mzee anayeondoka huenda na orodha ambayo haikuandikwa popote: wimbo huu ni wa nani, na ule ni wa nani. Wapo bado Mombasa, Lamu na Unguja wanaoweza kuijibu safu tupu ya daftari langu, na wengi wao hawajawahi kuulizwa. Yule mtangazaji alisema msikilizaji hataki nasaba. Mimi nasema hajapewa akaikataa. Apewe kwanza. Usiku wa taarabu ujao uanze kwa majina mawili, la mwenye sauti na la mwenye maneno, kisha udi upigwe.