Haki ya Wanaovuta Vumbi

Katika mji mdogo wa Libby, jimbo la Montana, Marekani, yalichimbwa kwa takriban miaka 70, hata mgodi ulipofungwa mwaka 1990, madini yaitwayo vemikulaiti, ambayo yakitiwa motoni hufura na kuwa mepesi, yakafaa kuzuia baridi darini na kulainisha udongo wa bustani. Faida yake ilikuwa kubwa. Walakini yalichanganyika na nyuzi za asbesto, zisizoonekana kwa macho zikielea hewani, ambazo zikisha kuingia pafuni hukaa humo na kutia makovu katika utando wake, na aghalabu hazidhihirishi maradhi ila baada ya miaka 10, 20, au hata 40.

Miongoni mwa chunguzi zilizofanywa huko, mbili zatosha kutupambanulia uchunguzi wenye manufaa na usio nayo.

Wa kwanza ni wa mwaka 1956, mkaguzi wa afya wa jimbo alipoingia katika kiwanda cha mgodi, akalitazama vumbi, akaandika kwamba asbesto iliyomo ni sumu. Ripoti ilikabidhiwa wenye mgodi. Wachimbaji hawakuambiwa neno. Basi mtu akaendelea kurudi nyumbani jioni na vumbi nguoni, mtoto akamrukia kifuani, mke akazikung'uta nguo zile kabla ya kuzifua, na vijana wakacheza juu ya marundo ya vemikulaiti karibu na uwanja wa mpira. Wahenga walimkanya mficha maradhi; lakini huko Libby aliyeficha hakuwa mgonjwa, na aliyeumbuliwa na kifo hakuwa mficha. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Montana iliamua kwamba serikali ya jimbo ilikuwa na wajibu wa kuwaonya wachimbaji: hukumu ya insafu, ila ilikuja wakati ambapo onyo halikuweza tena kutoa hata uzi mmoja pafuni.

Wa pili ulianza mwaka 2000, baada ya gazeti moja la Seattle kuyaweka mambo jahara. Safari hii idara ya serikali kuu haikuwaita wafanyakazi pekee, bali wakazi pia, ikawauliza kama walipata kufua nguo za mchimbaji au kucheza katika marundo. Watu zaidi ya 7,000 waliitika, na kila aliyepimwa akapewa majibu yake. Katika kila watu wazima 100 waliopigwa eksirei, takriban 18 walionekana na kasoro katika utando wa mapafu. Kwa waliotaja njia 12 au zaidi za kukutana na vumbi, idadi ilikaribia 35, na hata kwa wasioijua njia yoyote, ilikuwa takriban 7.

Wako wasemao kwamba habari kama hizo hutia hofu na kuua biashara. Siidharau hoja hiyo, maana mji usio na riziki nao huugua. Lakini mwenye hofu na habari huziacha nguo za kazi kazini, huacha sigara, humwahi tabibu. Utulivu wa asiyejua haumkingi na lolote.

Kwa hiyo sheria na iagize kwamba ripoti ya vumbi la mgodi wowote isomwe hadharani, kwa lugha ya wachimbaji na jamaa zao, siku ile ile inapokabidhiwa mwenye mgodi. Na asiyelikubali sharti hilo asipewe leseni ya kuchimba.