Karatasi ya mashine si cheti cha akili timamu

Mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa mjini Garissa akiwa na bahasha kubwa ya kahawia. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu zilizojaa mistari ya kupanda na kushuka. Mwanawe, kijana wa miaka 23, aliketi karibu na mlango akitazama sakafu.

"Daktari," mama akaniambia, "huko Nairobi wamempima kichwa kwa mashine. Wamesema mawimbi yake ni mazuri. Basi hana ugonjwa. Ni uvivu tu na marafiki wabaya."

Familia hiyo ilikuwa imeuza ngamia wawili ili kumsafirisha kijana zaidi ya kilomita 350 na kulipia kipimo hicho. Baada ya kuyaona majibu, baba yake aliamuru vidonge alivyokuwa akimeza viachwe. Siku walipofika kwangu zilikuwa zimepita wiki sita, na sauti zilizokuwa zimenyamaza zilikuwa zimerudi kumsumbua usiku kucha.

Kijana yule ana skizofrenia. Mashine haikudanganya. Iliulizwa swali ambalo haiwezi kulijibu. Nimeyaona makosa haya zaidi ya mara moja, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Mawimbi hayo ni nini?

Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu sana. Mwaka wa 1924 Hans Berger, daktari wa akili katika mji wa Jena, Ujerumani, alifaulu kuunasa umeme huo kutoka juu ya kichwa cha binadamu, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1929. Mtu aliyetulia na kufumba macho aghalabu hutoa mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde. Aliyelala fofofo hutoa mawimbi ya polepole yasiyozidi manne kwa sekunde. Yapo pia mawimbi ya kasi, kiasi cha 40 kwa sekunde, ambayo huhusishwa na kazi ya ubongo ya kuunganisha mambo na kuyazingatia.

Kipimo hiki, ambacho madaktari hukiita EEG, kina manufaa makubwa kwa mwenye kifafa. Mtu akianguka na kutetemeka, akikodoa macho ghafla bila kujibu, au akichanganyikiwa kwa muda mfupi kisha akarudia hali yake, ni haki apimwe. Kuna aina za kifafa zinazofanana mno na wazimu, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Je, skizofrenia nayo haiguzi mawimbi hayo? Huyagusa, naam. Katika jaribio moja mashuhuri mtu husikilizishwa mlio uleule tena na tena: ti, ti, ti. Mara unaingizwa mlio tofauti. Kiasi cha theluthi moja ya sekunde baadaye, ubongo hutoa wimbi kubwa kana kwamba unasema, "Hili ni jipya, lizingatie." Tangu mwaka wa 1972 watafiti wameripoti kwamba kwa watu wenye skizofrenia wimbi hilo huwa dogo. Vilevile, wakisikilizishwa milio 40 kwa sekunde, ubongo wao hushindwa kwenda sambamba na mdundo huo vizuri kama ubongo wa wengine. Ni kama kundi la wapiga ngoma ambalo kila mmoja anajua kupiga, ila hawaanzi pamoja.

Lakini yafaa ieleweke kwamba tofauti hizo huonekana watafiti wanapolinganisha kundi la wagonjwa na kundi la watu wazima wa afya. Ukimchukua mtu mmoja peke yake, huwezi kusema kwa hakika yumo kundi gani. Isitoshe, wimbi hilo la theluthi ya sekunde huwa dogo pia kwa wazee wenye maradhi ya kusahau na kwa watu waliozoea pombe kwa miaka mingi. Nacho kipimo cha kawaida cha EEG hakifanyi majaribio hayo. Ndiyo maana karatasi ya mgonjwa wa skizofrenia yaweza kutoka safi kabisa, naye akawa mgonjwa.

Ugonjwa wa kufikiri

Wengi wetu tunapomfikiria mgonjwa huyu tunafikiria sauti asizozisikia mtu mwingine, au dhana kwamba majirani wanamfuata. Hizo ni dalili za kweli. Hata hivyo, kuna upande mwingine unaomwangusha mgonjwa kimyakimya: kushindwa kumakinika, kusahau jambo aliloambiwa punde, na kushindwa kupanga kazi yenye hatua kadhaa. Aghalabu upande huu hutangulia sauti kwa miaka, na hubaki hata baada ya sauti kunyamaza. Tena ndio unaoamua kama mtu ataweza kushika kazi.

Kijana wangu alikuwa ameajiriwa katika duka la jumla. Akiambiwa, "Toa magunia matatu ya unga na mawili ya sukari, kisha umpigie simu mwenye lori," alirudi na gunia moja la unga na kusimama. Tajiri wake alimwita mzembe, akamfuta. Mama yake alikumbuka kwamba hata shuleni alama zake zilianza kushuka akiwa kidato cha tatu, kabla ya sauti yoyote kusikika. Hakuna aliyeshuku ugonjwa.

Dawa nazo zina mipaka yake. Tangu klopromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka wa 1952, mamilioni wamepata nafuu ya sauti na dhana. Lakini dawa za aina hiyo hazirudishi kumbukumbu kwa kiasi kikubwa. Isitoshe, wengi hupewa pia benzheksoli ya kuzuia kukakamaa na kutetemeka, na dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuongeza usahaulifu. Mwulize daktari wako kama bado inahitajika. Usiiache wewe mwenyewe.

Tusirudie hukumu ya zamani

Sisi Wakenya tunayo sababu ya kuwa waangalifu na watu wanaosoma ubongo wa wenzao kwa haraka. J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia mwaka wa 1938 hadi 1950, aliandika kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake mwaka wa 1953. Wagonjwa wachache waliofungiwa chini ya utawala wa kikoloni wakawa kipimo cha bara zima. Leo twalikataa dai hilo, na ni haki. Ila nasi tunapomwita kijana mgonjwa mvivu kwa kuwa karatasi yake haina doa, tumemhukumu bila kumchunguza vilevile.

Basi tufanye nini? Kwanza, utambuzi wa skizofrenia hutokana na kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake kwa muda wa kutosha, pamoja na kumkagua mwili ili kuondoa shaka ya maradhi mengine. Kabla ya kuuza mifugo, anzeni katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa, au hospitali iliyo karibu nanyi Wajir na Mandera. Mkiambiwa mfanye EEG, ulizeni: tunatafuta nini?

Pili, mpeni mgonjwa agizo moja kwa wakati mmoja. Mwandikieni yaliyosalia. Vidonge vikae mahali pamoja na vimezwe saa ileile, labda baada ya sala ya Isha. Mwajiri naye ampe saa chache na kazi isiyobadilikabadilika. Hayo hayagharimu hata ngamia mmoja.

Tatu, miraa. Najua nasema neno zito katika mji huu. Lakini miraa huvuruga usingizi, na kwa mwenye skizofrenia yaweza kuziamsha tena sauti. Kwake yeye, hata kikao kimoja cha kutafuna usiku kucha ni hatari.

Nne, sipingi mgonjwa kusomewa Kurani. Wengi hupata faraja kubwa humo. Ninachowaomba masheikh wetu ni kwamba wasimkataze dawa, na wasikubali afungwe minyororo. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka wa 2022 inampa mgonjwa haki ya kutibiwa na kulindwa dhidi ya dhuluma.

Kwa viongozi wetu wa kaunti nasema hivi: mashine hupendeza zinapozinduliwa, kwa kuwa hupigwa picha. Lakini hapa kwetu upungufu unaoumiza zaidi ni wa wauguzi waliofunzwa afya ya akili, na wa vidonge ambavyo havitakatika mwezi wa pili. Anzeni hapo.

Kijana yule alirudia dawa. Ilichukua majuma kadhaa sauti kupungua. Sasa yuko katika duka la mjomba wake, asubuhi tu, na mfukoni ana daftari dogo ambamo huandika kila anachotumwa. Bado husahau. Mjomba amejifunza kumkumbusha bila kumkaripia.

Mama aliniuliza aifanyeje ile bahasha. Nilimwambia aihifadhi, kwani siku kijana akianguka kwa kifafa itatufaa kulinganisha. Kisha nikamwomba aniletee daftari la mwanawe kila wanapokuja kliniki. Humo ndimo ninamosoma jinsi akili yake inavyoendelea.