Mzee, Jioni Mikono Yako Hushughulika na Nini?

Katika reli za mfano zinazojengwa nyumbani na wapenzi wa garimoshi, kipimo kinachotumiwa zaidi hupunguza kila kitu mara 87. Mlango wa mita 2 hubaki milimita 23. Wapo wajenzi, hasa Uingereza na Marekani, wasiotaka kununua jengo lililokwisha kuchongwa. Hukata wenyewe kuta za stesheni kutoka kwenye kadibodi au plastiki ya polistirini, wakachora matofali kwa ncha ya kisu na kuezeka paa kigae kwa kigae. Mwanamuziki Rod Stewart aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, akibeba vifaa vyake hata hotelini alipokuwa ziarani, hadi mji wake wa mfano ulipoonyeshwa hadharani mwaka 2019.

Tabibu asiyeyajua haya huyaona kuwa mchezo wa wazee, asiyaandike katika jalada. Hapo ndipo anapokosea.

Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, alishauri katika kitabu chake cha mwaka 1700 kwamba maswali yaliyorithiwa kutoka kwa Hippocrates yaongezewe moja: mgonjwa anafanya kazi gani? Leo swali hilo ni la kawaida. Lakini mstaafu hujibu kuwa hana kazi, mahojiano yakaishia hapo, ilhali kila jioni hukaa muda wa saa 3 katika chumba kilichofungwa, ameinamia gundi.

Na gundi hazifanani. Baadhi ya zile za kuunganishia plastiki zina dikloromethani, kimiminika kinachogeuka mvuke upesi. Mvuke huo ukivutwa, mwili hubadili sehemu yake kuwa kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa, ambayo huishika himoglobini na kuizuia kubeba oksijeni. Mwenye mishipa ya moyo iliyosinyaa huweza kupata maumivu ya kifua. Kibaya zaidi, kipima oksijeni cha kidoleni huonyesha namba nzuri, kwa kuwa hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na gesi hiyo. Kipimo maalumu cha damu hubaini, lakini nani atakiagiza ikiwa hakuna aliyeuliza? Mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kukomesha uuzaji wa dikloromethani kwa matumizi ya nyumbani. Chupa za zamani kabatini hazisomi kanuni.

Supaglu nayo, ambayo wanafunzi wa usanifu majengo wa Afrika Mashariki huijua vizuri, hutoa mvuke unaoweza kuamsha pumu, na ikimwagikia kitambaa cha pamba hupata joto la kuunguza ngozi.

Yupo pia tabibu anayeyagundua yote hayo kisha akaandika: aache kabisa. Ni agizo jepesi kwa anayeliandika. Mstaafu ambaye vidole vyake bado hushika kibano na jicho lake bado hupima nusu milimita hapaswi kunyang'anywa kirahisi hivyo kinachomwamsha asubuhi. Maumivu ya kifua yachunguzwe kwanza, tena bila kuchelewa. Kisha meza ihamishiwe dirishani, kadibodi na gundi nyeupe ya maji zichukue nafasi ya plastiki, barakoa ivaliwe wakati wa kupiga msasa, na kisu kibadilishwe makali mara kwa mara, maana kisu butu hukandamizwa kwa nguvu na ndicho kinachoteleza kwenye kidole.