Mafuta ya Karafuu na Fizi za Mtoto



Wako watakaosema kuwa kazi ya jarida hili ni bei, makonyo na mvua, na kwamba habari za watoto wachanga tungewaachia akina mama. Sisi twaona vingine. Jambo hili limeingia katika zao letu, na auzaye kitu hana budi kujua kinatumiwaje.

Mwaka huu tuliwatembelea wakulima wenzetu wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Wengi wetu hapa kisiwani hudhani karafuu ni ya Unguja na Pemba tu, kumbe miteremko ya mashariki ya milima ile, inayoelekea bahari na kupata mvua nyingi, inayo mikarafuu, khasa pande za Matombo, Mkuyuni na Kinole. Walitupokea kwa ukarimu mkubwa. Katikati ya mazungumzo ya uanikaji, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alituuliza: mwanangu anaota meno, usiku halali, je, nimpake matone mangapi ya mafuta ya karafuu? Alituuliza sisi kwa kuwa twatoka kwenye karafuu nyingi. Jibu letu ni hili: hata tone moja asimpake.

Mafuta yetu yana nguvu, na nguvu hiyo ndiyo sifa yake. Dawa iliyomo, iitwayo eujenoli, hutia ganzi, na waganga wa meno huitumia kwa watu wazima. Lakini huunguza nyama laini ya ufizi, na ikimezwa na mtoto huwa sumu. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alizimia, akashikwa na degedege, ini likadhurika, akaponea chupuchupu. Mtu asituambie kuwa bibi zetu walitumia karafuu tangu zamani. Karafuu kavu ina mafuta sehemu 15 hadi 20 tu katika 100. Mafuta ya kiwandani, kama yale ya makonyo yanayotolewa Wawi, Pemba, ni nguvu tupu.

Wala tusikimbilie dawa za madukani kwa kuwa zina karatasi nzuri. Uingereza kwenyewe poda za meno ya watoto zilitiwa zebaki mpaka 1954, na Nigeria, tangu mwishoni mwa 2008, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa dawa ya maji ya kutuliza meno iliyoingiwa na kemikali ya sumu.

Yanayofaa hayana gharama. Mama anawe mikono kwa sabuni, amsugue mtoto ufizi polepole kwa kidole. Au ampe kitambaa safi kilicholoweshwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa mtungini, akitafune huku anatazamwa. Ampanguse udenda mara kwa mara ili kidevu kisichubuke, na amnyonyeshe kila atakapo. Maumivu ya jino moja ni ya siku chache.

Lakini mafuta si khatari peke yake. Khatari kubwa zaidi ni neno hili: "Ni meno tu." Meno ya kwanza hutoka aghlabu karibu na mwezi wa 6. Umri huohuo kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua, mtoto anaanza kula uji, anatambaa, anaokota na kutia kinywani. Kwa hiyo malaria na kuhara humjia pamoja na meno, na jino likasingiziwa. Jino halileti homa kali, wala haliharishi. Mtoto akichemka mwili, au akihara, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Anayehara aanzishiwe maji ya ORS, na apewe zinki. Twajua kushuka mlima na mtoto mgonjwa si jambo jepesi, lakini mtoto hawezi kungoja jino.

Kutokana na dhana hiyohiyo, tangu miaka ya 1980 Bara yameingia yale yanayoitwa "meno ya plastiki". Fundi humfunua mtoto mwenye homa kinywa, akaonyesha kitu cheupe ndani ya ufizi, akakichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kile ni chonge halisi ambalo halijatoka. Mtoto humwaga damu, huingiwa na vidudu, na ugonjwa uliomleta haujaguswa. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi haitoshi kumweleza mama peke yake, aelezwe na bibi, aelezwe na mjomba.

Twapendekeza kila chupa ya mafuta itokayo mikononi mwa mwanachama iandikwe kwa herufi kubwa: USIMPE WALA USIMPAKE MTOTO MCHANGA. Tumekwisha sikia manung'uniko kuwa maneno hayo yatawatisha wanunuzi. Wanunuzi gani? Mafuta yetu hununuliwa na wenye viwanda vya sabuni na manukato, na wenye meno mabovu. Mtoto wa miezi 6 hajatupandishia bei hata siku moja. Shauri hili litaletwa mkutano mkuu, na anayelipinga aje alipinge mbele ya wenzake. Karatasi ya maelezo tutawapelekea pia wenzetu wa Matombo.