Kiraka Kilikuwapo Miezi Sita

Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2003, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mnyoo wa kompyuta wenye baiti 376, mfupi kuliko aya hii, ulianza kusambaa kwenye intaneti. Ulipewa jina la Slammer. Mwanzoni idadi ya seva ulizoziambukiza iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika kumi ulikuwa umezifikia asilimia 90 ya zile zenye kasoro uliyoitafuta. Mashine za kutolea pesa za Bank of America zikagoma. Intaneti ya Korea Kusini ikalala kwa saa kadhaa.

Slammer haukufuta faili wala kuiba siri. Ulijinakili na kujituma bila kikomo mpaka njia zikasongamana. Uliishi kwenye kumbukumbu ya muda tu, kwa hiyo seva ikizimwa na kuwashwa ulikuwa umekwisha. Ila seva ile ile ikirudi hewani bila kiraka, yaani marekebisho ya kuziba kasoro ile, iliambukizwa upya baada ya dakika chache.

Na kiraka kilikuwapo. Microsoft ilikitoa Julai 2002, miezi sita kabla, na hata baadhi ya mashine za kampuni hiyo yenyewe zilikuwa hazijawekewa.

Toleo hili linasimulia minyoo mingi, kuanzia ule wa Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliokadiriwa kuambukiza kompyuta 6,000 Novemba 1988. Masimulizi ya aina hii hupenda kukaa kwa mtunzi: umri wake, akili yake, kesi yake. Wahariri wameona heri kukaa kwa walioshambuliwa. Mnyoo wa WannaCry ulipozikumba hospitali za Uingereza tarehe 12 Mei 2017, wagonjwa wakarudishwa nyumbani na upasuaji ukaahirishwa, kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi.

Ni rahisi kuwaita waliochelewa wazembe. Lakini wengi walioumizwa na Slammer hawakujua kama wana programu yenye kasoro ile. Iliingia pamoja na bidhaa nyingine walizonunua. Na hospitali haiwezi kuzima mashine ya kupiga picha za mwili katikati ya zamu, tena pengine inaendeshwa na programu ambayo ni muuzaji tu anayeruhusiwa kuigusa. Wa kuulizwa kwanza ni huyo aliyeuza: ameweka nini ndani, atakitunza kwa miaka mingapi, na nani atalipia kazi hiyo. Majibu yaandikwe kwenye mkataba siku ya ununuzi, wakati mnunuzi bado ana pesa mkononi.